Kujenga Chesisi Mpya ya Pikapu ya Kale: Mwongozo kwa Mafundi wa Nyanda za Juu Kusini

Pikapu za Land Rover 109 bado zinaonekana kandokando ya barabara ya TANZAM kutoka Iringa hadi Mbeya, na katika mashamba ya chai ya Mufindi na Rungwe, na nyingi kati yake zina ugonjwa mmoja: bodi ni nzima ilhali chesisi imeliwa. Sababu inajulikana. Bodi ni ya aluminiamu, kwa kuwa Land Rover ya kwanza ilizaliwa mwaka 1948, wakati chuma kilipokuwa kikitolewa kwa mgao nchini Uingereza, lakini chesisi ni sanduku la bati la chuma lenye unene wa takriban milimita 2, na maji yakishaingia ndani yake hayana haraka ya kutoka. Mwenye gari la namna hiyo anaweza kuendelea kuweka viraka hadi viraka vizidi chuma cha asili, au anaweza kunyanyua bodi na kujenga chesisi nyingine yenye ekseli za kisasa, injini yenye nguvu na mkao wa chini kidogo, kwa mtindo ambao Wamarekani huuita hotrodi. Mwongozo huu unahusu njia hiyo ya pili, na mfano wake ni 109, ingawa vipimo vikibadilishwa unaifaa pia Datsun ya miaka ya 1970 au pikapu nyingine yoyote ambayo bodi yake hukaa juu ya chesisi inayojitegemea.

Picha za Marekani zinapotosha kwa jambo moja. Vijana wa California walioanza mtindo huu kabla ya Vita Kuu ya Pili walikuwa wakishindana kwenye maziwa yaliyokauka, mahali tambarare kabisa, kwa hiyo gari lililokaribia kugusa ardhi halikuwasumbua. Gari la kwetu litapanda matuta ya Igurusi na Chimala, litashuka Kitonga, na siku za masika litaingia njia ya udongo kwenda kwa wakwe. Kwa barabara hizo ninashauri sehemu ya chini kabisa ya chesisi isipungue milimita 180 kutoka ardhini gari likiwa limebeba watu na mafuta. Ukishakubali kipimo hicho, mengi yanayofuata yanajipanga yenyewe.

Kadi ya gari kwanza

Kabla ya kuwasha grainda, fungua kadi ya gari ulinganishe namba ya chesisi na namba ya injini zilizoandikwa humo na zile zilizo kwenye gari. Kubadilisha chesisi ni kubadilisha kitu ambacho kadi inakitambua gari kwacho. Nenda ofisi ya TRA na kwa mkaguzi wa magari wa polisi ukaeleze unachokusudia kabla ya kukata chochote, uulize nyaraka zinazotakiwa, na majibu uyapate kwa maandishi. Usikate kipande chenye namba na kukichomelea mahali pengine kwa kujiamulia, kwa maana kipande kilichohamishwa huonekana wazi mbele ya jicho lililozoea, na maelezo yako hayatasikilizwa kwa wema. Ile chesisi ya zamani, hata kama imeoza kiasi gani, ihifadhi mpaka usajili ukamilike. Risiti za chuma, za injini na za gari lililochinjwa, yaani lililonunuliwa ili kutolewa vipuri, zihifadhiwe pia.

Kupima gari likiwa bado zima

Makosa mengi ya chesisi huzaliwa hapa, kwa sababu fundi hulivua gari kwa hamu na kubaki na bodi inayoelea bila kujua ilikuwa imekaa wapi. Simamisha gari kwenye sakafu ya zege iliyopimwa kwa pimamaji, likiwa na magurudumu yote yenye upepo wa kutosha. Teremsha timazi kutoka katikati ya kila gurudumu na uweke alama sakafuni kwa msumari wa zege, si kwa chaki peke yake, kwa kuwa chaki itafutika siku ya kwanza ya mvua banda likivuja. Umbali kati ya gurudumu la mbele na la nyuma katika 109 ni inchi 109, yaani milimita 2,769, na jina la gari limetokana na hapo. Ukipata tofauti kubwa kati ya upande wa kushoto na wa kulia, ujue chesisi ya zamani imepinda, na vipimo vyake usivinakili kama vilivyo.

Kisha teremsha timazi kutoka kila tundu la bolti linaloshika bodi: ukuta ulio kati ya injini na kebini, mikono ya pembeni, na krosmemba (mhimili wa kukatiza) ya nyuma. Andika kimo cha kila tundu kutoka sakafuni pamoja na umbali wake kutoka mstari wa katikati ya gari. Chora mstari huo wa katikati kwa kamba ya mwashi iliyovutwa kutoka mbele hadi nyuma, maana kazi yote itapimwa kutoka hapo. Pima pia mahali usukani unapopita, pedali zilipo, na kimo cha boneti, ili injini mpya isije kugota juu. Picha za simu zinasaidia, lakini haziwezi kuchukua nafasi ya daftari.

Gari la kuchinja

Hapa lazima uamue kabla ya kununua bomba hata moja. Kwa pikapu ya kutembea barabarani, nisingechukua ekseli za Land Rover yenyewe. Difu yake (boksi la gia lililo kwenye ekseli) imekaa upande wa kulia wa gari, ili iendane na giaboksi ya magurudumu manne, kwa hiyo ukifunga giaboksi ya Toyota inayotoa propela (shafti inayopeleka nguvu kwenye difu) katikati, propela itakwenda mshazari na kutetemeka. Zaidi ya hapo, uwiano wa difu hiyo ni karibu 4.7 kwa 1, ambao ni mzuri kwa shamba lakini huifanya injini ipige kelele barabara ikinyooka.

Chaguo langu ni Hilux ya zamani inayosukumwa na magurudumu mawili ya nyuma, iliyogongwa nyuma au kupinduka, mbele yake ikiwa salama. Wapo wanaopenda kutumia mbele ya Mark II, na kwa kweli gari hilo linaelea vizuri, lakini katika Mark II mikono ya juu inayoshika magurudumu pamoja na springi vimeshikwa na bodi badala ya krosmemba, kwa hiyo fundi analazimika kujenga minara miwili ya chuma kwa usahihi ambao karakana nyingi hazina vifaa vya kuuhakikisha. Katika Hilux mikono ya juu na ya chini yote imeshikwa na chesisi, springi zake za mbele ni vyuma vya kujisokota ambavyo kimo chake hurekebishwa kwa bolti, na boksi la usukani lipo upande wetu. Unakata chesisi ya Hilux nyuma ya krosmemba inayoshika ncha za vyuma hivyo, na kuanzia hapo kwenda nyuma unajenga chuma kipya. Ekseli ya nyuma ichukuliwe kwenye gari hilo hilo, ili upana wa magurudumu, bolti za rimu na breki vilingane. Bodi ya 109 ina upana wa karibu mita 1.68, kwa hiyo jaribisha rimu na tairi kabla ya kuamini kwamba tairi hazitatokeza nje ya madigadi.

Kuhusu injini nitasema jambo moja tu, kwa kuwa uzito wake ndio unaobebwa na chesisi. Mbeya ipo kwenye mwinuko wa karibu mita 1,700, na hewa ya huku ni nyepesi kiasi kwamba injini isiyo na tabo hupoteza takriban moja ya sita ya nguvu iliyoandikwa kwenye vitabu. Anayetaka nguvu ya kweli atafute injini yenye tabo, lakini aipime kwa mizani kwanza.

Meza ya kujengea

Chesisi haiwezi kunyooka kuliko kitu ilichojengewa juu yake. Tengeneza meza ya mabomba mazito yenye urefu wa karibu mita 4 na upana wa mita 1, kimo cha kiunoni, miguu yake ikiwa na bolti za kuisawazisha. Ipime kwa pimamaji kwa urefu, kwa upana na kwa mshazari, kisha ifunge kwenye zege. Kama huna chuma cha meza, jenga juu ya sakafu yenyewe kwa stendi zilizochomelewa kwenye vipande vya bati vilivyopigwa misumari ya zege, ingawa mgongo wako utalalamika.

Chora juu ya meza mstari wa katikati, mstari wa ekseli ya mbele na mstari wa ekseli ya nyuma. Jambo la kuzingatia kuliko yote katika mwongozo huu ni kwamba mihimili iwekwe mezani katika mkao ule ule itakaokuwa nao gari likiwa barabarani, na si vinginevyo. Iwapo unataka mbele ishuke kwa nyuzi 2 kuliko nyuma, basi mihimili ifungwe mezani ikiwa imeinama nyuzi 2 tangu siku ya kwanza, kwa sababu mwelekeo wa mikono ya mbele, wa injini na wa difu wote utapimwa dhidi ya ardhi, na ardhi kwa sasa ni meza yako. Fundi anayejenga chesisi ikiwa imelala sawa, halafu akaiinamisha mwishoni kwa kupunguza springi, hushangaa kwa nini usukani haurudi wenyewe baada ya kona.

Chuma na kukata

Kwa mihimili miwili mikuu tumia bomba la mstatili la milimita 100 kwa 50. Unene wa milimita 3 unatosha gari jepesi, lakini kwa pikapu itakayobeba mzigo ninapendelea milimita 4. La milimita 3 lina uzito wa karibu kilo 7 kwa mita, na la milimita 4 karibu kilo 9, kwa hiyo tofauti kwa chesisi nzima si ya kutisha. Dukani yanauzwa kwa urefu wa mita 6. Nenda na kipimo cha venia upime ukuta wa bomba mwenyewe, kwa sababu bomba linaloitwa la milimita 3 mara nyingine lina 2.5 tu, na maneno ya muuzaji hayabebi mzigo. Bomba lisimame kwa kimo cha milimita 100, kwa kuwa likisimama linastahimili kupinda karibu mara tatu kuliko likilazwa.

Nyuma, juu ya ekseli, mihimili inapaswa kupanda ili ekseli ipate nafasi ya kuruka. Acha angalau milimita 90 kati ya ekseli na chuma kilicho juu yake gari likiwa na uzito wake, na weka raba ya kuzuia mgongano. Mpando huo utengenezwe kwa kukata bomba mshazari na kuongeza kipande cha kati, kisha kila kiungio kipate bati la pembeni la milimita 4, upande wa ndani na wa nje. Bati hilo likatwe kwa umbo la almasi, ncha zake zikifuata urefu wa mhimili, na lisichomelewe mstari ulionyooka kutoka juu hadi chini, kwa maana mstari wa namna hiyo ndio mahali ufa huanzia. Kwa sababu hiyo hiyo, mahali bomba jipya linapokutana na chesisi ya Hilux weka kipande cha ndani kinachoingia pande zote mbili kwa milimita 150 hivi, na kiungio chenyewe kiwe cha mshazari.

Mihimili miwili na vipande vya kukatiza hufanya ngazi, na ngazi hupinda kirahisi ukiinua kona yake moja. Tiba yake ni mihimili ya mshazari yenye umbo la herufi X chini ya kebini, iliyotengenezwa kwa bomba la 75 kwa 50, katikati yake kukiwa na nafasi ya giaboksi na propela. Krosmemba ya giaboksi ifungwe kwa bolti, isichomelewe, la sivyo siku ya kubadilisha klachi utailaani kazi yako mwenyewe.

Kuchomelea

Kwanza shikiza kila kitu kwa madoa ya moto ya milimita 15 hivi, kisha usimame. Pima mishazari miwili ya chesisi kutoka nukta zinazolingana za kushoto na kulia. Ikitofautiana zaidi ya milimita 2, kata madoa na urekebishe, kwa kuwa baada ya kuchomelea kamili hakuna jeki itakayokusaidia kwa amani.

Chuma kilichochomelewa hujivuta kuelekea upande wa moto kinapopoa. Kwa hiyo choma sentimita 4 au 5 mhimili wa kushoto mbele, uhamie wa kulia nyuma, kisha urudi, na uache chuma kipoe hadi mkono ukiguse bila kuungua kabla ya kurudia sehemu ile ile. Kazi hiyo inachosha, na kijana mwenye haraka atakuomba amalize upande mmoja kwanza. Mkatalie.

Kwa mashine ya rodi, tumia rodi za 7018 kwenye viungio vyote vinavyobeba uzito, zikiwa na kipenyo cha milimita 2.5 kwa bomba la milimita 3, na 3.2 kwa bomba la milimita 4. Rodi hizo hazipendi unyevu, na miezi ya mvua Tukuyu au Uyole unyevu upo hata ndani ya sanduku lililofungwa, kwa hiyo zikaushwe kwenye oveni kabla ya kazi, na zikitolewa zitumike siku hiyo hiyo. Rodi za 6013 ni rahisi kuwasha na zinatosha kwa mabano ya nyaya na vitu vidogo. Kazi nzito ifanywe asubuhi, kwa sababu jioni, majumbani watu wanapowasha majiko na pasi, umeme hupungua nguvu, na mshono unaoonekana mzuri juu unaweza kuwa haujazama. Kabla ya kugusa chesisi, chomelea vipande viwili vya mabaki ya bomba lile lile, vikate kwa msumeno katikati ya mshono, na utazame kama moto umeingia hadi ndani. Usisage mshono uwe bapa kwa ajili ya uzuri, isipokuwa mahali ambapo kitu kinapaswa kukaa juu yake.

Ekseli ya nyuma, injini na propela

Mabano ya springi za nyuma yafungwe ekseli ikiwa kwenye mstari wake na imepimwa kutoka ekseli ya mbele pande zote mbili. Shakoli ya springi (kiungo kinachoshika ncha yake ya nyuma) iegemee nyuma kidogo gari likiwa na uzito wake, ili springi inaponyooka ipate pa kwenda. Pedi za springi kwenye ekseli zishikizwe tu kwa madoa mpaka injini iwe mahali pake.

Injini ikiwekwa, mkia wa giaboksi hushuka kuelekea nyuma kwa takriban nyuzi 3. Basi pua ya difu ipande nyuzi 3 hizo hizo kuelekea mbele, hivyo giaboksi na difu ziwe sambamba zikitazamwa kutoka ubavuni. Tofauti ya zaidi ya uzi 1 italeta mtetemo utakaosikika kwenye kiti kuanzia kilomita 80 kwa saa. Propela isinyooke kabisa pia, kwa kuwa sindano za misalaba (beringi za viungio vya propela) zinahitaji pembe ndogo ili zizunguke, la sivyo zinachimba mahali pamoja.

Tundu lolote la bolti linalopita katikati ya bomba lazima liwekewe bomba dogo la ndani lililochomelewa pande zote mbili. Bila hilo bolti ikikazwa hukandamiza kuta za bomba, kisha hulegea baada ya safari chache. Bolti ziwe za daraja la 8.8, na maandishi hayo yaonekane kichwani.

Breki na bodi

Anayeshuka Kitonga au mteremko wa Inyala nyuma ya lori la mzigo hahitaji kuelezwa umuhimu wa breki. Masta silinda iwe ya njia mbili, na ikae juu kwenye ukuta wa kebini. Wamarekani huificha chini ya sakafu ili mbele ya injini paonekane pasafi, lakini ikiwa chini kuliko silinda za magurudumu mafuta hurudi, na vali ya kuyazuia si kitu utakachokikuta katika kila duka la spea la Mwanjelwa. Mabomba ya breki yawe ya chuma chenye kiwango, yapite upande wa ndani wa mhimili mbali na ekzosi, na yashikwe kila baada ya sentimita 30 hivi.

Bodi ya aluminiamu isikutane na chuma kitupu popote. Metali hizo mbili zikigusana penye unyevu, aluminiamu huliwa ikawa unga mweupe. Weka raba kila mahali bodi inapokalia, bolti zivishwe bushi za plastiki, na waya mmoja mnene wa ethi uunganishe bodi na chesisi ili taa zisifanye vituko.

Kagua pia usalama wa tairi kupasuka. Vuta kamba kutoka ukingo wa chini wa rimu ya kushoto hadi mahali tairi ya kulia inapogusa ardhi, kisha ufanye hivyo upande wa pili, mbele na nyuma. Kitu chochote kilicho chini ya kamba, kiwe bolti ya shokapu, ekzosi au tangi la mafuta, kitakwangua lami siku tairi itakapoisha upepo, na lazima kipandishwe.

Majaribio kabla ya rangi

Pakaza chesisi rangi ya msingi nyepesi peke yake, ya kijivu kwa upendeleo wangu, kwa sababu ufa mdogo huonekana juu yake kama uzi wa kutu. Fanya usawazishaji wa magurudumu, kisha endesha bila mzigo katika barabara isiyo na magari mengi na ujaribu breki kutoka mwendo mdogo kwenda mkubwa. Baada ya kilomita 100 kaza upya bolti zote za springi, za usukani na za bodi. Baada ya hapo beba mifuko ya mchanga yenye uzito wa mzigo wako wa kawaida, upite kwenye njia ya udongo yenye mashimo, na ukirudi pima mishazari tena na ukague kila mshono kwa tochi, hasa kwenye mpando wa nyuma na kwenye kiungio cha Hilux. Rudia ukaguzi huo gari likifikisha kilomita 500. Ufa ukionekana, usiufunike kwa moto juu yake. Usage hadi mwisho wake, utoboe tundu dogo kwenye ncha, uchomelee, kisha utafute kilichousababisha.

Mishono ikikaa salama, bodi ishushwe, mihimili itobolewe matundu ya milimita 8 sehemu za chini ili maji yatoke, nta ya kuzuia kutu inyunyizwe ndani kupitia matundu hayo, na nje ipigwe rangi ya mwisho. Kwa ukaguzi wa polisi, nenda na daftari la vipimo pamoja na risiti zako.